Mama Marcienne Anastaafu na Ampli ya Kaske

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Marcienne anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kazi katika Chumba cha Sauti, hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Anayeandika haya alikuwa hajazaliwa Mama alipoanza. Kwa hiyo habari za miaka ya mwanzo zimetoka kwa wenzake, na wote wamezisimulia wakicheka.

Alikuja kutoka Ngozi, Burundi, akaajiriwa mwaka 2006 kufagia. Wiki yake ya kwanza haijaisha, fundi wa kurekodi alishikwa na malaria. Nje kulikuwa na foleni ya watu waliotoka Juru kwa miguu ili warekodi salamu kwa ndugu zao waliopotezana nao vitani. Mama aliweka ufagio chini, akaingia ndani na kubonyeza kitufe chekundu. Fundi aliporudi alikuta kaseti kumi na moja zimejaa, kila moja imeandikwa jina, na hakuna iliyokwaruza. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa Mama ufagio tena.

Amerekodi barua za sauti, matangazo ya watoto wanaotafutwa, kwaya, na harusi tatu zilizonyeshewa mvua. Ni mpole, lakini ndani ya chumba chake ndiye mkubwa. Mchungaji mmoja alipopiga kelele mpaka mshale wa mashine ukagonga mwisho, Mama alimwambia, "Mchungaji, Mungu anasikia hata ukisema kwa sauti ndogo. Mashine yangu ndiyo inayoumia." Mchungaji akaanza upya, na watu wanasema hayo ndiyo mahubiri yake mazuri kuliko yote.

Mwaka 2019 paa la stoo lilivuja. Maji hayakuharibu kaseti, ila yalifuta majina. Kaseti mia mbili na kumi na mbili zikabaki bila jina hata moja. Wakati ule kazi yote ilikuwa imehamia kwenye kompyuta, na mara mbili ikasemwa kwamba zitupwe. Mara zote mbili Mama alikataa. Alisema atazisikiliza moja baada ya nyingine na kuandika upya nani ni nani. Ni yeye tu anayeweza kuifanya kazi hiyo, kwa sababu alikuwa ameketi mbele ya kila mmoja wa watu hao na bado anazikumbuka sauti zao. Lakini kila siku ilikuja na foleni yake, na hakupata nafasi.

Mzee Constantin, mlinzi wetu wa getini, alikuwa anangoja kuliko wote. Marehemu mke wake, Viviane, alirekodi salamu kwa dada yake huko Uvira mwaka 2008. Salamu hazikutumwa, kwa sababu hakupatikana msafiri, na miaka miwili baadaye Viviane alifariki. Mzee hana picha yake hata moja. Kaseti ile ndiyo kumbukumbu pekee aliyobakiwa nayo, na imo katika zile zisizo na majina. Kila Jumatatu alikuwa akiuliza, bila kulalamika, "Mama, bado?" Naye Mama alikuwa akijibu, "Bado, Mzee. Lakini ipo."

Ndiyo maana mwezi wa tano, tulipochanga ili kumnunulia zawadi na wengine wakataja kitenge na sufuria kubwa kama ilivyo kawaida, Mama aliomba kitu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alitaka akae nyumbani na zile kaseti azimalize. Ofisi ilikubali aondoke nazo pamoja na redio ya zamani ya kuzichezea. Shida ilikuwa kaske zake, zile kubwa za kijivu anazovaa masikioni tangu 2009. Zinatoa sauti safi sana, ila zinahitaji nguvu. Ukizichomeka kwenye redio peke yake, mtu anasikika kama anaongea kutoka ndani ya mtungi. Ofisini zilipata nguvu kutoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na meza hiyo inabaki ofisini. Mama alihitaji ampli ndogo ya nyumbani, ya kuzipa nguvu hizo kaske.

Tulimtumia ujumbe Appolinaire, dereva wetu wa pikipiki, aliyekuwa mjini Mbarara siku hiyo: "Nunua ampli ya kaske, nzuri, ya Mama." Appolinaire ni mtu wa Bukavu na maisha yake yote ni pikipiki. Alidhani tumekosea kuandika. Jioni alirudi na ampuli mpya ya taa ya mbele, pamoja na kaske ya kuendeshea pikipiki, kofia ngumu nyekundu inayong'aa, yenye kioo cha kuzuia vumbi usoni.

"Siyo hii, Appolinaire! Kaske ya masikio!"

"Na hii masikio inaingia fasi gani?" alijibu akiigonga kwa ngumi. "Inafunika yote mbili. Mulisema nzuri, njo nzuri hii!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Aliivaa, akazunguka nayo ua mzima, kisha akatangaza kwamba Jumamosi ataenda kuchagua mwenyewe.

Siku hiyo tulijifunza kazi yake kuliko siku nyingine yoyote. Katika duka moja la vyombo vya umeme kule Ruti, Mbarara, mwenye duka, kijana anayeitwa Kalisa, alimwekea mezani ampli tatu ambazo mchango wetu uliweza kuzifikia. Alianza kusifu ile kubwa yenye taa za bluu.

"Mama, chukua hii. Hii iko na nguvu mingi sana. Utakuwa DJ ya kijiji!"

"Mimi ni DJ wa watu waliokaa," Mama alisema. "Nipe waya."

Alivaa kaske zake, akachomeka, akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho bila kuchezesha kitu chochote. Akafumba macho.

"Lakini mama, hakuna kitu inapiga!"

"Ndiyo maana nasikiliza. Hii inanyesha mvua ndani." Akazivua kaske, akamvalisha Kalisa, naye akausikia mchakacho wenyewe. Mama alimweleza kwamba kaseti ya zamani tayari ina vumbi lake, na ampli yenye kelele inaongeza vumbi juu ya vumbi. Nguvu nyingi bila ukimya hazimfai mtu anayetafuta sauti ndogo.

Ampli ya pili ilikuwa ndogo kama kiberiti. Hiyo aliipima kwa kuichomeka kwenye redio ya kaseti aliyokuja nayo, stesheni ikiwa inapiga, na kufungua sauti polepole kabisa, na sikio la kushoto likaanza kusikia kabla ya la kulia. "Huyu anachechemea," alisema. Alipoipandisha ili itoshe kaske zake, sauti ikapasuka. Kumbe ilitengenezwa kwa ajili ya kaske nyepesi za simu, na Mama alisema haina kosa, ila haikutengenezwa kwa ajili yake.

Ya tatu ilikuwa sanduku jeusi la chuma, halina taa wala urembo, lina kitufe kimoja na tundu kubwa lililolingana na waya wa kaske zake. Kalisa alikuwa ameiweka nyuma. Mama aliifungua hadi mwisho bila kitu kupiga, na uso wake ukatulia. Aliirudisha chini kabisa, akawasha redio na kuipandisha polepole, na masikio yote mawili yakaanza pamoja. Tulidhani amemaliza, Kalisa akaanza kutafuta mfuko.

"Ngoja, mwanangu. Hapa una umeme wa mjini. Kwangu umeme unatoka kwa jua, juu ya paa. Lete betri."

"Eh, mama huyu!" Kalisa alisema, lakini alienda kuomba betri ya pikipiki kwa jirani. Ampli ilikubali betri bila kunguruma. Hapo tu ndipo Mama alipotoa kaseti moja kwenye mkoba na kuiweka kwenye redio yake. Alisikiliza kwa muda mfupi, akaomba kalamu, na mbele yetu akaandika juu yake jina la mzee mmoja aliyehamia Kanada. Kalisa alimwangalia, kisha akamwongezea waya wa bure.

Hiyo ndiyo zawadi yetu. Haikungoja sherehe, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa haingoji. Mama ameshaianza nyumbani kwake, alasiri mbilimbili kwa kila kaseti, ya kwanza kusikiliza na ya pili kuhakikisha.

Nasema vibaya. Ndivyo alivyopanga, lakini tangu achukue ile ampli hakuna alasiri aliyoishia kwenye kaseti moja tu. Jumatano asubuhi alifika getini na redio, betri na ampli kwenye karai alilobeba mwanawe. Kaseti aliyokuja nayo ilikuwa ya thelathini na nne. Hakumwambia Mzee Constantin lolote ila, "Mzee, kaa." Akamvalisha kaske, akafungua sauti polepole.

Mama alikuwa ameshatuambia yaliyomo. Viviane anamsalimu dada yake, anasema huku Nakivale kuko na amani na mvua imenyesha. Kisha anasema: "Mimi ninashinda ku soko, Constantin njo anapikaka. Bugali yake inaunguaka kila siku, lakini tunakula."

Mzee alisikiliza akiwa ameshika kaske kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yakimtoka. Ghafla akaruka kwenye kiti.

"Anadanganya huyu mwanamuke! Haikuunguaka kila siku!"

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mzee alikuwa anabishana na mke wake kwa sauti kubwa, kama mtu yeyote aliyesikia maneno hayo jikoni kwake, na alikuwa akicheka. Alimweleza kuhusu kuni mbichi. Alimkumbusha siku mbili ambazo ugali ulikuwa mzuri. Kaseti ilipoisha, alinyoosha kidole kuelekea redio bila kuvua kaske, na Mama akairudisha mwanzo.

Mama Marcienne, asante kwa kila kitufe ulichobonyeza, kwa kila mtu uliyemwambia avute pumzi kwanza, na kwa mara mbili ulizokataa. Umebakiwa na kaseti mia moja na sabini na nane. Tunakuombea afya, jua la kutosha juu ya paa lako, na masikio mazima mpaka ya mwisho. Getini utakaribishwa siku yoyote, na Mzee Constantin anasema atakupikia.