Siku Niliposema Imeingia

Ndugu zangu, nitasimama hapa hapa mlangoni, maana nikikaribia meza nitashikwa na aibu nirudi kuketi. Wengi wenu hapa ni madereva ama mafundi, kwa hivyo sitawaeleza gari ni nini. Nitawaeleza neno moja nililosema uani kwangu hapa Voi, na mtu akapoteza mguu.

Nilikuwa natengeneza magari nyumbani. Sikuwa fundi mbaya. Nilikuwa fundi wa haraka na kiburi. Kaka ya mke wangu alikuwa na pikapu ya kushusha kabichi kutoka Wundanyi, akaniletea, boljointi ya chini, kile kifundo cha chuma kinachoshika gurudumu, imelegea na gurudumu linacheza. Mnajua kitu hicho hakitaki nyundo. Kinataka presi, ule mkono wa chuma uliopinda wenye skrubu nene, ukisukume polepole kiingie kikiwa kimenyooka.

Presi yangu niliichagua kwa macho. Ilikuwa nyepesi, rangi nyekundu inang'aa, na muuzaji alikuwa na maneno matamu. Chuma chenyewe kilikuwa cha kumiminwa, si cha kufuliwa. Nilipokaza nikaiona inapanuka kama mdomo, na boljointi ikaenda upande. Nikachukua nyundo, nikamalizia nayo.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda akinywa chai. Akauliza, "Imeingia?"

Nikamwambia, "Imeingia."

Nawaambia ukweli, nilijua haijaingia. Nilikuwa nimechoka, tena niliona haya kusema presi yangu ni takataka.

Siku ya nne, kwenye zile kona za kushuka Mwatate, gurudumu likalala na pikapu ikaenda bondeni. Walimtoa akiwa hai. Mguu wa kulia ulikatwa hospitalini.

Sasa sikilizeni. Hakuna aliyenilaumu. Wengine walisema ni barabara, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Shemeji mwenyewe, akiwa kitandani, aliwaambia wageni, "Fundi wangu hana makosa." Hilo ndilo lililoniangusha. Nikaanza kunywa asubuhi kabla ya chai. Magari yakaacha kuja. Mke wangu alinipikia bila kunisemesha. Alijua kuna kitu, hakujua ni nini.

Shemeji alipozoea magongo, akaita familia tutase. Nyinyi mliotoka bara, kutasa kwetu Wadawida ni hivi: unatia kinywaji mdomoni, unakipuliza nje, huku unataja lililo moyoni, ili hasira itoke na baraka ikae. Mzee wa kanisa uliyeketi hapo mbele, usinikunjie uso, yalikuwa maji tu. Akanipa kikombe mimi kwanza. Maji yakakaa mdomoni, yakakataa kutoka. Mwishowe nikayameza, nikasema, "Shemeji, haikuingia. Na nilijua."

Akakichukua kikombe, akayamwaga yaliyobaki. "Nendeni makwenu," akasema. "Leo sitatasa."

Mke wangu akabaki kwa kaka yake.

Nilidhani kusema ukweli kutanipa nafuu. Wapi! Niliumia zaidi. Lakini pombe sikuitaka tena, na mpaka leo sijui ni kwa nini. Nikaenda kwa mzee mmoja Mwislamu, fundi mstaafu wa reli, nikamweleza yote. Hakunihubiria. Aliniwekea presi yake mikononi.

"Waisikia uzito?" akaniuliza. "Chombo cha kazi hakichaguliwi kwa rangi, mwanangu. Tazama meno ya skrubu, yawe mazima. Tazama vikombe vyake vya chuma vya kushikilia, kila boljointi ina kikombe kinachoienea. Kisha kaza. Ikipanuka hata unywele, itupe. Na kazi ikikushinda, sema imekushinda."

Nilifanya kazi chini yake miezi mitano. Nilipoondoka akaniachia presi ile.

Kisha siku moja pikapu ile ile ikaingia uani kwangu, imenyooshwa, inaendeshwa na kijana wa watu, shemeji kando yake na mke wangu katikati. "Boljointi ya upande wa pili," akasema shemeji. Akataka kigoda kile kile. Magongo akayalaza chini.

Nikakaza. Ilipofika nusu, nikahisi inaelemea upande. Nikaacha kukaza.

"Imeingia?" akauliza.

"Bado, shemeji. Inakwenda upande. Naitoa nianze upya."

Niliitoa mara mbili. Mara ya tatu ilipoingia, nikamwita aje ashike mwenyewe. Akaja kwa gongo moja, akainama kwa shida, akapitisha kidole pande zote. Halafu akamwambia dada yake, "Leta maji." Tukatasa hapo hapo, mikono yangu ikiwa na grisi.

Namshukuru mzee wa reli. Namshukuru mke wangu aliyerudi, ingawa ziko siku bado hanisemeshi. Shemeji ameketi huko nyuma, tafadhali msimgeukie. Amenisamehe, lakini mguu haukurudi.

Mafundi wenzangu, mkinunua presi, nunueni iliyo nzito. Na mwenye gari akikuuliza kama imeingia, na haijaingia, mwambie bado. Mimi ningesema bado siku ile, shemeji angenikasirikia, angemaliza chai yake, na angetembea kwenda kwao.