Kifaa Kisicho na Jina

Saa kumi na dakika ishirini jioni, mama mshonaji aliona bunda la nyaya mapajani mwa fundi wa mtandao aliyeketi kando yake basini, akamwonyesha kwenye simu orodha ya vifaa vinavyotumia intaneti ya nyumbani kwake.

"Mwanangu, hiki kifaa kilikuwa kinamaliza bando la nyumba nzima. Hakina jina, namba tupu. Nikakifungia."

"Ulifanya la maana, mama. Mlafi hufungiwa kabati," fundi akatania. Mama hakucheka.

"Kumbe ni kishikwambi cha mama yangu mzazi, aliyekuwa anaumwa chumba cha nyuma. Kila jioni alikuwa anaongea na kaka yangu aliye ng'ambo, wakitazamana. Kaka akipiga hapati, akadhani mgonjwa kalala. Mama akaniambia, 'Kaka yako kanisusa.' Nikamjibu ana kazi nyingi. Tumemzika Jumamosi."

Mama akamsogezea fundi simu.

"Nasikia humu mnaona kama kifaa kilijaribu kuingia. Nisomee."

"Ya nini kujitonesha kidonda, mama?"

"Kidonda ni changu. Soma."

Fundi akafungua kumbukumbu za ruta, kile kisambaza intaneti cha nyumbani. Siku kumi na moja mfululizo, kuanzia saa moja jioni, kifaa kilibisha hodi kikakataliwa. Ijumaa hakikubisha.

"Kilijaribu mara ngapi kwa siku?"

Kwa siku ya mwisho, kioo kilionyesha arobaini na tatu.

"Mara moja moja tu," alisema fundi, ambaye kazini hakuwahi kukosea hesabu.

Basi likasimama. Mama akaichukua simu, ikiwa bado inawaka kwenye ukurasa uleule, akashuka.