Fundi Saa Anaomba Zamu

Mke wa mwanangu alinisimulia haya jana jioni, hata viatu hajavua. Masikio yake hayana adabu, nami nashukuru. Kwenye basi la kutoka kazini, kiti cha mbele yake walikaa mama mwenye kikapu cha mboga na mzee mmoja fundi saa.

Mama alikuwa ametoka zamu kwenye ushirika wao wa mboga zisizopigwa dawa, ambako wanachama wenyewe huchambua, hupima na kufagia. Mzee alikuwa anamwomba amdhamini naye ajiunge.

"Kwani baba unakula mboga kiasi gani?"

"Kidogo sana, mwanangu. Siwezi kupewa zamu bila mboga?"

Mama akacheka. "Wenzako wanasingizia mafua kukwepa zamu, wewe unaililia!"

"Mkiwa mnachambua, huwa mnaongea?"

"Tunaongea? Tunasengenya watu mpaka mchicha unanyauka!"

"Basi nitieni humo. Tangu mke wangu afariki naongea na redio, nayo hainijibu."

"Lakini baba, kanuni inataka nimdhamini mtu ninayemfahamu. Wewe sikufahamu."

"Nifahamu basi. Safari bado ndefu."

Akaanza kwao alikozaliwa. Hajafika hata kwenye ndoa, mama kalala, kichwa begani kwake. Kutwa nzima alikuwa kasimama. Mkwe wangu akanyoosha mkono amwamshe. Mzee akamkataza kwa kidole, akaendelea kujieleza kwa sauti ya chini, bega halitikisiki, mpaka naye usingizi ukamchukua.