Tatu kwa Nusu

Sisi wa benchi la mbele ya jengo la nne, hapa Tuzla, Bosnia, hatujawahi kushindwa na jambo, kwa sababu hatujawahi kuulizwa vizuri. Jana mama Fata alishusha kahawa kama kawaida, na Hazim, fundi vigae, akaja na karatasi ya wazazi: mwalimu Senada aondolewe darasa la sita. Ilibaki sahihi ya Hazim tu, na kikao cha wazazi kilikuwa jioni ile ile. Binti yake Lamija, anayempenda huyo mwalimu, alikuwa amesusa kula.

— Kosa lake nini? akauliza mama Fata.

— Hafundishi, mama. Anauliza tu. Sikilizeni: "Tatu gawanya kwa nusu ni sita. Chora, ueleze kwa nini." Wiki nzima, swali hilo hilo.

Dževad, tunayemwita Profesa kwa kuwa aliendesha basi la shule, akacheka.

— Sisi tulipigwa rula tukajua. Geuza nusu iwe mbili, zidisha, funga daftari.

— Unageuza kwa nini?

— Kwa sababu ukigeuza unapata, mama. Hii ni mipango ya Wajerumani. Wanataka watoto wanaofikiri, waje wawachukue.

— Mbona wasiofikiri wanawachukua pia? Mwanao si yuko kwao, Stuttgart?

— Basi ni wenye viwanda vya penseli. Mtoto achore mpaka penseli iishe.

Nisifiche, hilo la penseli niliafiki.

Almasa wa posta alikuwa ameegesha baiskeli, anasikiliza.

— Samahanini. Kugawa si kupunguza? Tatu imekuwaje sita?

Profesa akaipuliza kahawa iliyokwisha poa.

Hazim alitoa penseli sikioni, akageuza ile karatasi, akachora vigae vitatu, akakata kila kimoja katikati. Akavihesabu vipande.

— Nusu ngapi zimo ndani ya vitatu? Sita. Jamani, miaka ishirini nakata vigae, na shuleni nilijiona mjinga wa hesabu.

Tukamzonga.

— Na theluthi?

— Tisa.

— Robo je? Profesa alikuwa amesimama kabisa.

— Kumi na mbili, babu wee!

Furaha ilinijaa, nikamkumbatia Profesa, mtu ambaye huwa simpi hata mkono.

— Na sahihi? akauliza Almasa.

Hazim akaikunja karatasi, michoro ikiwa juu.

— Namwonyesha Lamija kwanza. Halafu kikaoni nitasimama niwaulize wote waliosaini: kwa nini tunageuza?