Zebedayo Asheri Mhina, Karani wa Masjala, na Majalada Matano ya Mwaka 1989

Zebedayo, mtoto wa tatu wa marehemu Asheri Mhina na marehemu Ritha, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Muheza. Wazazi wake walikuwa Wasambaa walioteremka kutoka Lushoto kufuata kazi, wakazoea joto, wasipande tena. Mama yake alizoea kusema kwamba kati ya watoto wake huyu ndiye aliyelia kidogo na kuuliza sana.

Alisoma shule ya msingi palepale kambini kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari Tanga mjini, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1978. Hakuwa hodari wa hesabu, tusimsingizie. Lakini mwandiko wake ulikuwa mwandiko! Mwalimu wake wa Kiswahili alimkabidhi daftari la mahudhurio aandike majina ya darasa zima, na wenzake wakamwita Karani kabla hata hajajua karani hufanya kazi gani.

Tarehe 2 Mei 1983 akawa karani kweli, wa masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya kesi, katika mojawapo ya mahakama za wilaya mkoani Tanga. Ni ipi, mwenyewe aliomba isitajwe leo tunapomzika. Kosa, alisema, lilikuwa la mkono wake na si la jengo. Alidumu humo miaka thelathini na sita. Waliowahi kumtembelea wanaikumbuka harufu ya wino na karatasi za kaboni, taipureta ikigonga chumba cha pili, na majalada yaliyofungwa kwa kamba za katani hadi juu darini. Siku hizi kuna kompyuta, na ni vizuri, ila ladha ile haipo tena.

Watu walimwendea kutoka Makorora, Pangani na Horohoro wakiwa na jina tu mdomoni. Na kesi ya jinai ya zamani haitafutwi kwa jina. Hutafutwa kwa namba na mwaka katika rejista, ndipo uende kwenye rafu. Karani mwingine angemwambia mtu arudi nyumbani akakumbuke. Zebedayo alimvutia kiti.

“Mjomba wako alipokamatwa, ulikuwa umeshaolewa?”

“Bado, mzee. Nilikuwa nimechumbiwa.”

“Mwanao wa kwanza kazaliwa lini?”

“Mwaka wa themanini na saba.”

“Haya, tuanze themanini na tano. Mahindi yalikuwa shambani au yameshavunwa?”

Hivyo hivyo, mahindi kwa harusi, mpaka kidole chake kikatua kwenye mstari. Kwa asiyejua kuandika, Zebedayo mwenyewe aliandika barua ya kuomba nakala kwa hakimu mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa mahakama: jina la mshtakiwa, namba ya kesi, mwaka, na sababu ya kuihitaji. “Mahakamani usije na hasira,” aliwaambia, “njoo na namba.”

Jumamosi ya tarehe 26 Desemba 1987 alifunga ndoa na Bertha, fundi cherehani wa Makorora, katika kanisa la Kilutheri. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza, Dorkasi, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Novemba 1989, na hapo ndipo lilipozaliwa na jambo la pili. Asubuhi hiyo yalikuwa yamerudi majalada matano kutoka Mahakama Kuu, rufaa zake zikiwa zimekwisha. Utaratibu ni kwamba jalada likirudi, karani anaandika matokeo ya rufaa kwenye safu ya mwisho ya rejista. Zebedayo alitia saini ya kupokea. Kabla hajafungua kamba, akaletewa habari kuwa mkewe amejifungua. Akauweka mzigo juu ya kabati, akajisemea ataandika kesho, akatoka mbio kofia mkononi, na kesho hiyo akaisahau. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Safari hii matumbo yaliyoumia yalikuwa ya watu wengine, na yeye hakujua kwa miaka thelathini.

Alijua Aprili 2019, miezi minne kabla ya kustaafu. Aliingia mama mmoja mwenye ushungi wa kijani, Mastura binti Mwinyijuma, wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kiti.”

Mastura alieleza. Baba yake alipendekezwa kuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, wale wazee wanaokaa na hakimu. Mtu mmoja akasimama mbele ya watu akasema huyu aliwahi kufungwa kwa kuiba mbata, zile nazi kavu, katika ghala alilokuwa akililinda. Ikaangaliwa rejista, ikaonekana ni kweli.

“Lakini baba alishinda rufaa,” alisema. “Alitolewa jela kwa rufaa. Karatasi ndiyo hana, na watu wanasema alimaliza kifungo kama mwizi yeyote.”

Zebedayo alifungua rejista ya mwaka 1988. Kesi ya jinai namba 47: ametiwa hatiani, miezi kumi na minane. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Mwandiko ulikuwa wake. Mastura husimulia kwamba mzee aliweka kidole kwenye safu ile, akasema, “Mwanangu, aliyemwita baba yako mwizi ni mimi.”

Alipekua masjala siku kumi na moja, akiinama kwa mgongo ambao tayari ulikuwa mbovu. Mzigo aliukuta kwenye rafu za mwaka 1989, chini ya rejista kuukuu zilizohamishwa, kamba ya katani ikiwa na fundo lake lilelile. Majalada matano. Rufaa mbili zilikataliwa. Tatu zilikubaliwa: ya Mwinyijuma, ya Bi Hafsa wa Makorora, na ya Sele Miraji wa Horohoro. Watu watatu wasio na hatia, na rejista ya serikali ikiwaita wahalifu.

Wenzake walimshauri ajaze safu zile kimyakimya. Hata Bertha, kwa uchungu wa mke, alimwambia, “Baba Dorkasi, miezi minne tu imebaki. Usije ukaharibu mafao yako.” Akamjibu, “Mama Dorkasi, nikijaza kimya nitakuwa nimeandika, lakini sitakuwa nimesema.” Akamwandikia hakimu mfawidhi barua ya kukiri, akapewa onyo la maandishi, akalipokea kwa mikono miwili. Rejista ikasahihishwa kwa idhini. Kisha akachukua nakala ya hukumu, yenye muhuri, akapanda kivuko pamoja na Mastura.

Mzee Mwinyijuma alimpokea barazani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiwe karani?”

“Ndimi.”

“Mama yangu kafa akiamini kazaa mwizi.”

Zebedayo alilia pale barazani, mtu mzima, bila kujificha. Mwinyijuma alimwangalia, halafu akamtuma Mastura awaite majirani. Walipojaa, akasema, “Soma.” Zebedayo akasoma hukumu yote, kurasa sita. Alipomaliza, Mwinyijuma akasema, “Soma tena, wa nyuma hawakusikia.” Akasoma tena. Tangu siku hiyo kila Idi sahani ya Bweni ilifika nyumbani kwa akina Mhina, na kila Krismasi ikarudi imejaa.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 2019. Alipomtafuta Bi Hafsa, aliambiwa ameshafariki. Hukumu yake aliwasomea wanawe, Makorora, kaburini kwa mama yao. Sele Miraji hakumpata. Alikwenda Horohoro mara saba, akaambiwa kwamba Sele alihama kwa aibu tangu mwaka 1990, wengine wakisema yuko upande wa Mombasa.

Kisukari kilichomwandama muda mrefu kiliingia kwenye figo mwaka 2023, akaanza matibabu hospitalini Tanga. Alikuwa mgonjwa mwenye utani, akiwauliza manesi namba ya faili lake kabla hawajamuuliza jina. Wiki ya mwisho utani uliisha, akawa anamtaja Sele. Alifariki Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkono wake ukiwa katika mkono wa Bertha.

Ameacha mjane, Bertha, watoto watatu, Dorkasi, Asheri na Godlisten, wajukuu wanne, dada yake Consolata, na rafiki yake, Mzee Mwinyijuma wa Bweni, ambaye tangu jana amekaa nasi.

Marehemu aliagiza maneno yafuatayo yasomwe mbele ya kaburi lake, kwa kuwa msiba hukusanya watu wa kila upande. Sele Miraji, uliyeishi Horohoro, kesi ya jinai namba 61 ya mwaka 1988: rufaa yako ilikubaliwa. Huna hatia, na hukuwa nayo. Nakala yako yenye muhuri iko Makorora kwa Mama Dorkasi. Ajuaye alipo, au walipo wanawe, tafadhali awafikishie, na awaambie karani anaomba radhi.

Pumzika kwa amani, Zebedayo. Sisi tunaendelea kumtafuta.