Wifi Hakuandikwa

"Tangu mumeo atangulie mbele ya haki, yanayokujaa kichwani unamwambia nani?" jirani yangu aliwahi kuniuliza. Nikamjibu kwamba namwambia Mungu, naye hajawahi kunikatiza. Swali hilo nililikumbuka juzi ndani ya basi, nilipowasikia mawifi wawili kwenye kiti cha mbele yangu.

Mdogo, ambaye ni msusi, alikuwa akisema, "Nesi niliyemlalamikia kukosa usingizi kaniambia kila asubuhi niandike chochote kinachonijia, bila mpangilio. Wallahi, wifi, siku hizi kichwa chepesi, usingizi mtamu!"

"Na mimi umeniandika?" akauliza mkubwa kwa ukali.

"Hapana, wifi yangu. Sijakuandika kabisa."

Nilidhani atashukuru. "Sasa unamwandika nani?"

"Tajiri yangu wa saluni, mbu, na yule jogoo wa jirani."

"Jogoo! Mimi niliyelia kaka yangu asikuoe, leo napitwa na jogoo?"

"Wewe nilishakuzoea, wifi."

Nilimwomba Mungu anizuie kucheka. Hakunizuia sana.

"Kumbe kwako mimi si kitu," mkubwa akasema, akageukia dirishani. Msusi akasonya, akachomoa daftari mkobani na kuandika kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Basi liliposimama, mkubwa alichungulia. Neno WIFI lilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mimi nililiona. Akajitengeneza nguo, akanyoosha shingo kama bibi harusi, akashuka.