Soksi za Mikono za Dada Rozalia

Mke wangu Severina alikufa Jumapili tarehe 9 Juni 1957. Homa ya mapafu, siku nne. Naanza hapo kwa sababu bila kifo hicho nisingemjua vizuri Dada Rozalia, na karani wa shamba asingeniambia mimi Jailos, mpogoaji wa chai, niandike habari zake za kumuaga leo.

Dada Rozalia alianza kazi hapa Mufindi mwezi wa tatu 1936. Jana Jumamosi, tarehe 28 Juni 1958, amemaliza. Miaka ishirini na miwili, yote chumba kimoja, cha kuchambua chai. Anatoa vijiti, anaacha majani. Alikuta wanawake sita. Anaacha arobaini, na yeye ndiye mkubwa wao. Hakuwahi kuchelewa. Akiumwa alikuja, akaumwa akiwa kazini.

Lakini watu hawamjui kwa vijiti. Wanamjua kwa soksi za mikono. Ndivyo tunavyoziita zile glavu zisizo na vidole. Baridi ya huku mnaijua. Mwezi wa sita ukungu unalala juu ya chai mpaka saa nne, mikono inakuwa kama ya mtu mwingine. Lakini chai haichumwi na vidole vilivyofunikwa. Kwa hiyo Dada Rozalia alifunika kiganja na kifundo, vidole akaviacha nje.

Kufuma alifundishwa na sista mmoja misheni. Sindano zake ni spoku za baiskeli, zimenolewa ncha zote mbili. Uzi mweupe ni wa kondoo wa misheni. Uzi wa kaki ni wa masweta ya jeshi, makuukuu, anayoleta Mrisho wa Mwanjelwa kwa lori kutoka Mbeya. Sweta linafumuliwa, uzi unaoshwa, unafanywa donge.

Mnyapara Sedekia aliwahi kumwomba amfumie zenye vidole. Dada Rozalia akamtazama mikono. "Bwana Sedekia, vidole vya kufunikwa ni vya mtu asiyeshika kitu. Wewe unashika kitu?" Chumba kizima kilicheka. Sedekia alichukua zisizo na vidole. Anazivaa mpaka leo, yuko hapa, muulizeni.

Mwaka ule umande ulipoganda ukaunguza chai, hakukuwa na majani ya kuchambua. Wiki tatu. Wengine walirudi kwao. Dada Rozalia aliwakalisha waliobaki wakafumua masweta, naye akafuma. Chai ilipochipua, kila mchumaji alikuwa na soksi zake.

Ufumaji wake si ule wa kawaida. Kila mstari unapitwa mara mbili. Kwanza uzi mweupe: kitanzi kimoja unafuma, cha pili unakiacha, unakivika uzi juu. Ukifika mwisho hugeuzi. Unasukuma kazi mpaka ncha ya pili ya spoku, unaanza tena palepale na uzi wa kaki. Vile ulivyoviacha sasa unavifuma, pamoja na nguo yao, ule uzi uliowavika. Ndipo unageuza. Inatoka nene, laini, mistari imesimama. Upande huu nyeupe iko juu, kaki imezama. Ukigeuza, kaki iko juu. Mimi nikiitazama sana naona safu za chai toka mlimani asubuhi, ukungu umelala katikati. Nasahau niko wapi.

Wanawake wengi walijaribu, wakashindwa. Aliyeweza ni Severina tu. Alikuwa ananifumia mimi. Ya kushoto aliimaliza. Ya kulia aliacha mistari kumi na tatu kwenye spoku.

Mwaka mzima nilivaa moja. Watu walidhani nimeumia mkono.

Mwezi wa tano nikasikia Dada Rozalia anaondoka. Nikatoa ile nusu kwenye debe, nikampelekea. Nikasema, dada, nimalizie kabla hujaenda, hakuna mwingine anayejua.

Akaishika muda mrefu. Alikuwa anapapasa mistari ya Severina kwa dole gumba, moja moja, kama anahesabu.

"Simalizi," akasema.

"Kwa nini, dada?"

"Nikimaliza mimi, itakuwa ya Severina na Rozalia. Wewe utakuwa wapi? Keti, shemeji."

Nikaketi. Kila siku kengele ikilia saa kumi, mimi mlangoni kwake mpaka jua linashuka. Mikono yangu ni ya panga. Spoku zilinitoka, zikaanguka. Wanawake wakipita wananiambia, "Shemeji Jailos, tukutafutie mume?" Dada Rozalia akawajibu, "Mtafuteni mwenye ng'ombe, huyu mahari yake kubwa." Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba.

Wiki ya tatu nikaharibu. Niligeuza kazi kabla kaki haijapita. Sikuona. Nilikuja kuona mistari sita mbele, nyeupe imekaa mahali pa kaki. Lazima kufumua. Na ufumaji huu ukifumua unakimbia. Kila kitanzi kina nguo yake, kimoja kikitoka kinatoka na mwenzake, hujui kitasimama wapi. Chini yangu ilikuwa mistari ya Severina. Ikikimbia mpaka huko, basi. Hayupo wa kuifuma tena.

Nikasema tuiache na kosa lake. Dada Rozalia akakataa. Hakunigombeza. Akachukua shazia, ile sindano ya kushonea magunia, akatia uzi wa gunia. Akaupitisha kwenye mstari wa mwisho wa Severina, kitanzi kwa kitanzi, na nguo zake. Jua lilikuwa linashuka, ukungu unaingia kwa mlango, tukawa kama tuko ndani ya maziwa. Hakuruka hata kimoja.

"Sasa fumua."

"Naogopa, dada."

"Fumua. Ikifika kwa mkeo itasimama."

Nikavuta. Ikakimbia. Ilipofika kwenye uzi wa gunia ikasimama. Nikahesabu. Kumi na tatu.

Jana saa kumi nimemaliza. Dada Rozalia ameshona ubavu, ameacha tundu la dole gumba, amenivisha mwenyewe. Pale Severina anapoishia na mimi ninapoanza panaonekana. Ufumaji wake umelala sawa, wangu una matumbo, umevimba hapa na pale. Akaniambia, uzi wa gunia uvute sasa, hauna kazi. Sijauvuta.

Anakwenda Mlandege, Iringa mjini, kwa binti yake Evarista. Spoku zake ameniachia mimi. Wanawake wawili wameshaniomba niwaonyeshe. Nimewaambia waje na masweta yao, na wasinitafutie mume.

Dada Rozalia, asante. Wote wa hapa tunakuambia asante, na Sedekia pia. Ukakae vizuri Mlandege, ule ushibe, upumzike, mikono yako isipate baridi. Ukiota jua mlangoni kwa Evarista, utukumbuke na ukungu wetu.

Kesho Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, narudi kazini. Mikono yote miwili imevaa.